Wapwani saba, fimbo za gofu na nchi ya chai

Sisi watu wa Mombasa chai tunaijua kwa mdomo na kwa mgongo. Kwa mdomo, kwa sababu hakuna barza wala matanga wala posa isiyopitishwa birika. Kwa mgongo, kwa sababu baba zetu na ndugu zetu wamekuwa wakiiinua katika maghala ya Shimanzi na Changamwe tangu mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi kuja kwetu mwaka 1969. Chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, hata ya Malawi, huteremka hapa, ikaonjwa, ikapigwa bei, kisha ikapanda meli kwenda Pakistani na Misri na Uingereza. Lakini mtafute aliyefanya kazi ghalani miaka thelathini, umuulize mti wa chai umekaaje, na wengi watakwambia hawajapata kuuona.

Ndiyo maana, wasomaji wapenzi, nilipoletewa habari ya waungwana saba wa hapa mjini wanaotaka kwenda Kericho kucheza gofu, niliona hapa pana jambo la kuandikwa. Saba hawa wote walikula mkate wa chai. Kuna makarani wa maghala waliostaafu, kuna dereva wa malori, kuna mmoja aliyekuwa mwonjaji wa chai, na kuna mzee wao ambaye sote tunamwita Ami, aliyeanza kazi kwa kupiga chapa za mashamba juu ya masanduku ya mbao, zamani hizo kabla ya magunia ya karatasi. Gofu waliijia uzeeni, katika uwanja ule wa Mombasa Golf Club ulio juu ya majabali ya bahari, ambao umekuwapo tangu mwaka 1911. Mimi mwenyewe sichezi. Nilitakwa niwapangie ratiba, kwa kuwa nchi ile nimeipita mara kadhaa kwa kazi ya gazeti.

Kusema kweli safari haikuanza kwa Kericho. Ilianza kwa Marekani. Mmoja wao ana kijana anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, mji wa kadiri, si mkubwa wa kutisha kama New York wala si kijiji. Kijana aliwaandikia kwamba manispaa ya mji ule ina viwanja vyake vya gofu, na mtu yeyote akilipa kiingilio hucheza, haulizwi ni mwanachama wa wapi. Tena Columbus ndiko alikozaliwa Jack Nicklaus mwaka 1940, na jirani yake, katika mji mdogo wa Dublin, ndipo alipojenga uwanja wake wa Muirfield Village uliofunguliwa 1974. Wazee wakaingiwa na tamaa. Hesabu ya nauli ikapigwa, hesabu ya viza ikapigwa, na kila ilipopigwa ilizidi. Lakini kilichoiua safari ile si fedha. Nafasi yao ilikuwa mwezi wa Januari, na Januari Columbus ni theluji. Kijana alipoulizwa kama viwanja huchezeka, alituma picha ya uwanja mweupe kama sanda. Basi yakaisha.

Hapo ndipo mwonjaji wa chai aliposema: "Januari si ndiyo kiangazi cha Kericho? Tunatafuta nyasi Marekani na nyasi ziko kwetu!"

Naam, ni kiangazi, lakini kiangazi cha Kericho kisikudanganye. Mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwaka mwema hupata mvua karibu milimita 2,000. Upepo wa unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana, ukakutana na upepo wa mashariki juu ya vilima, na mkutano wao huwa ni radi. Asubuhi jua ni zuri, majani ya chai yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Ifikapo saa nane au saa tisa mchana, mbingu imeshakunjana. Januari na Februari mvua hupungua, haikomi. Kwa hivyo sharti la kwanza nililoliandika katika ratiba ni hili: mpira wa kwanza upigwe saa moja asubuhi, na wa mwisho uwe shimoni kabla ya saa sita na nusu.

Si mvua ya maji tu. Ile ndiyo nchi ya mvua ya mawe. Katika mashamba ya Kericho na Nandi Hills imeshahesabiwa mvua ya mawe zaidi ya siku 100 katika mwaka mmoja, na ni sehemu chache sana za dunia zinazosemwa hivyo. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi, kisha kwa ndege zilizonyunyiza dawa, ili mawe yasiponde majani. Na mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, Russell Schnell, alichunguza jambo ambalo mimi nilipolisoma nilitikisa kichwa. Alieleza kwamba miguu ya wachumaji, wanapopita baina ya mistari ya michai, hurusha vumbi la majani makavu yaliyooza chini. Vumbi hilo hupandishwa na hewa hadi mawinguni, na maji huganda kuizunguka kila punje. Yaani majani yale yale yaliyoanguka huenda juu yakarudi kuwaponda ndugu zao walio mtini.

Niliwasomea wazee habari hiyo pale barzani. Dereva wa malori akauliza, "Ustadh, sasa jiwe la barafu na mpira wa gofu, kipi kikubwa?" Nikamwambia ni bahati yake siku hiyo. Lakini la radi halina mzaha. Mtu aliyesimama katikati ya uwanja wazi na fimbo ya chuma mkononi amejitangaza. Ngurumo ikisikika, fimbo hutiwa mfukoni na watu huingia ndani, hata kama mmebakiza shimo moja.

Uwanja wa Kericho ni wa mashimo tisa, na huzungukwa mara mbili kupata kumi na nane. Ni wa enzi za wazungu wa mashamba, waliotaka mahali pa kujipumbazia Jumamosi baada ya kuhesabu vikapu. Mcheza gofu wa Mombasa amezoea ardhi kavu ya mawe ya bahari na upepo wa kusi au kaskazi unaompokonya mpira. Huko juu upepo ni mpole na hewa ni nyepesi, upungufu wake ni yapata sehemu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya pwani. Mpira uliokuwa ukienda yadi 200 huongeza kumi au zaidi angani kabla ya kutua. Ila ukitua umetua, kwa sababu nyasi zimelowa umande na haziuachi uviringike. Na pumzi ya mchezaji nayo ni ya hewa nyepesi hiyo hiyo. Wazee wa miaka sitini na saba wasijitie ujana kwenye vilima siku ya kwanza. Kijana wa kubebea mfuko akodiwe na alipwe vizuri, maana wengi wa wacheza gofu wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko ya watu.

Kuna kichekesho kimoja cha lugha ambacho sikuweza kukipita. Kile kijiti kinachochomekwa ardhini ili mpira ukae juu yake, Waingereza hukiita kwa sauti ile ile wanayoiitia chai: ti. Mtu akisema huko Kericho kwamba anakwenda kwenye ti, huwezi kujua anakwenda kucheza au kunywa. Na kijiti chenyewe, cha mti, kiliandikishwa hataza mwaka 1899 na George Franklin Grant, daktari wa meno mweusi wa Boston, aliyesoma Harvard, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka. Hakufanya biashara nacho. Aliwagawia rafiki zake. Basi anayedhani mchezo huu ni wa wazungu watupu akumbuke kwamba mpira wao unakalia kijiti cha mtoto wa watumwa.

Sasa njoo kwenye jambo lililokula muda wetu mwingi zaidi kuliko gofu yenyewe, nalo ni sala.

Kutoka Mombasa hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700, kwa hivyo hakuna shaka kwamba ni safari ya kupunguza na kukusanya. Sisi ni watu wa Shafi, na kwa madhehebu yetu msafiri akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humtoka tangu anapofika. Ratiba yangu ilikuwa hivi: Jumanne kuondoka kwa gari moshi, Jumatano kuingia Kericho, Alhamisi gofu, Ijumaa mashimo tisa tu kisha msikitini, Jumamosi Bomet, Jumapili kutoka. Siku kamili ni tatu. Akatokea mmoja akasema, mbona tusiongeze siku moja tukacheze na kule Nandi Hills, kwenye Nandi Bears Club, klabu iliyopewa jina la yule mnyama wa hadithi anayesemekana kutembea misitu ile usiku? Ni mashimo tisa mengine, na mandhari hayana mfano. Lakini ukiiongeza Jumapili, siku kamili zimekuwa nne, na kupunguza kumeondoka. Mabishano yakaenda mpaka karibu na isha. Wengine wakasema tukalale Nandi usiku mmoja, makao yavunjike. Ami akakata maneno: "Hatuendi kumtafutia dubu njia ya fiqhi." Siku ya Nandi ikafutwa.

Kibla nacho kina jambo lake. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo hapa kwetu ukiielekea kaskazini umeelekea kibla. Kericho iko magharibi yetu, na kutoka huko Makka haiko kaskazini barabara. Ni kugeuka kidogo mkono wa kulia, kwa hesabu yangu nyuzi 11 hivi. Mpwani aliyezoea kaskazini yake, akisali chumbani mwake bila kuuliza, atakosea kwa kiasi hicho. Na jua nalo huchelewa kule kwa dakika 17 hivi, kwa hivyo ile kalenda ya saa za sala iliyobandikwa mlangoni nyumbani isibebwe. Ukiitumia kwa alfajiri utasali kabla ya wakati.

Tazama lakini jinsi mambo yalivyolingana. Gofu inataka asubuhi kwa sababu ya mvua. Adhuhuri inaingia karibu na saa sita na dakika hamsini. Mzee anamaliza kucheza, anaoga, anasali adhuhuri na alasiri pamoja, anaketi dirishani na kikombe chake, na mvua inamkuta ndani. Sikuipanga hivyo kwa ujuzi wangu.

Upande wa njia sina mengi. Gari moshi la Madaraka, lililoanza mwaka 2017, hukufikisha Nairobi kwa saa tano hivi. Kutoka hapo zipo barabara mbili: ya Narok na Bomet, na ya Nakuru na Molo. Nimewapangia waende kwa Narok na warudi kwa Nakuru, na zote mbili kwa mwangaza wa jua. Katika hili sikukubali kujadiliana. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilitoka barabarani likawaparamia watu na magari, wakafa zaidi ya watu hamsini, wengi wao wachuuzi waliokuwa kando ya njia. Wake wa wazee hawa hawakuuliza swali lolote juu ya gofu. Waliuliza juu ya barabara ile tu. Na wawili kati yao wamesema watakuwamo garini, maana kama ni kwenda kutazama chai, wao ndio wanaoipika.

Likaja suala la dau. Wacheza gofu wana mazoea ya kuwekeana vijisenti, na anayeshindwa hulipa. Vitabu vyetu vimetaja farasi, ngamia na mishale katika mashindano ya zawadi, na katika mengineyo wanavyuoni wamesema mengi. Lakini fedha itokayo mifukoni mwa wachezaji ili mmoja achukue ya wote, hiyo haihitaji mwanachuoni. Wazee waliafikiana kwamba mfanyabiashara mmoja asiyecheza atoe zawadi, nayo ni kilo za chai. Mshindi atoke Mombasa, aende Kericho, arudi na chai ya Mombasa! Na kinywaji cha klabu, wanachokijua wao ni cha birika.

Haya yote yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa la Ami mwenyewe. Siku moja, ratiba imekwisha, alisema haendi. Sababu yake ilikuwa ardhi.

Mashamba yale makubwa yanayoonekana kama zulia hayakuwa matupu. Wakipsigis walikuwa wakilisha ng'ombe na kulima wimbi pale. Baada ya Vita Kuu vya kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga eka zipatazo 25,000 kwa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, walime kitani. Bei ya kitani ilipoanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia na chai. Ardhi haikurudi kwa waliohamishwa. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ambao ndio waliokuwa viongozi wa mambo ya jadi, wakapelekwa Gwassi kando ya ziwa, kwenye mbung'o na malaria, na hawakuanza kurudi mpaka karibu na uhuru. Madai yao yamefikishwa mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 yakapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mashamba yenyewe yameuzwa na kuuzwa tena baina ya makampuni ya mbali.

"Mimi," alisema Ami, "nimezaliwa katika nyumba ambayo kiwanja chake ni cha mtu asiyejulikana aliko. Nitakwendaje kupiga mpira juu ya kilio cha mwenzangu?"

Barza lilinyamaza. Mpwani gani asiyejua habari ya mwenye hati aliye mbali na mwenye nyumba asiye na kiwanja? Nilimwambia ninavyoona mimi, na ndivyo ninavyoona hadi leo. Ardhi ile haipungukiwi kilio kwa sisi kukaa Mombasa. Tumekula kwa chai hiyo miaka hamsini bila kumuuliza mtu, na kuikataa sasa kwa ajili ya mchezo wa asubuhi mbili ni kujipa usafi wa bei rahisi. Kama tunaona haya, basi tukaone. Ndipo siku ya Bomet ilipokuwa ndefu katika ratiba kuliko siku za gofu.

Bomet ni kitu kingine. Kule Konoin na Mogogosiek, na kwenye vilima vinavyopanda kuelekea msitu wa Mau, chai nyingi ni ya wakulima wadogo, mwenye eka moja, mwenye nusu. Mamlaka ya chai ya wakulima hao, KTDA, iliundwa 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000, na wakulima huleta majani kwenye vituo vya kupimia, yakachukuliwa na malori hadi kiwandani siku hiyo hiyo, maana jani likilala linaharibika. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi, basi. Mchumaji hurudi kwenye mti ule ule baada ya wiki moja au mbili. Kwenye mashamba makubwa mikono hiyo inaondolewa na mashine. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho na watu waliolalamika kwamba zimewanyang'anya kazi, na maisha yakapotea. Wazee wetu wataelewa upesi. Hata mnada wetu, tangu miaka ya korona, hufanywa kwa kompyuta, na ule ukumbi uliokuwa ukijaa kelele za bei umekuwa kimya.

Huko Bomet watakaribishwa mursik, maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Yana rangi ya kijivu na uchungu kidogo. Nimewaambia wasikunje uso mbele ya mwenyeji. Mtu aliyelelewa kwa kahawa tungu hana haki ya kulalamika.

Kwenye barua ya kuombea nafasi klabuni waliniomba niweke ubeti, nikaweka huu, ingawa atakayeupokea huenda akashangaa:

Safari yetu ya bara, si mpira peke yake,
Tukaione ishara, ya jani na mashinake,
Iliyotupa ijara, kila mtu na wanake,
Ndipo turejee mara, kila mmoja na lake.

Jibu lilikuja, nafasi ipo, na likatukumbusha mavazi: shati lenye kola, lililochomekwa. Kanzu zitakaa mpaka Ijumaa. Masweta yananunuliwa mtumbani Kongowea, ambako muuzaji amestaajabu kuona wazee wanaulizia sufu wakati wa kaskazi.

Ami atakwenda. Fimbo zake haendi nazo. Amesema atawatazama wenzake kutoka ukumbini na kuhesabu makosa yao. Alichokitia mkobani, na amenionyesha, ni kipande cha ubao wa sanduku la chai, kimekatwa kwa msumeno, kina alama nyeusi isemayo CHAGAIK. Aliipiga yeye mwenyewe mwaka 1979, na sanduku lilipovunjika akaubakisha ubao. Anataka apelekwe mpaka penye jina hilo, na nimeshaiandika katika ratiba, Jumamosi, baada ya sala, wakirudi kutoka Bomet, kama mvua itawaachia njia.